Merikani na doti: nguo zilizokuwa fedha

Merikani ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kililetwa Zanzibar na meli za Salem, Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833. Bara kilivaliwa badala ya ngozi na magome, na misafara ilikitumia kama fedha: shuka mikono 4, doti mikono 8. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) vilipokata pamba, wauzaji wa Uingereza na India walichukua soko, jina likabaki.

Shanga zilikuwa hatari zaidi. Stanley, aliyesafiri mwaka 1871, alieleza kuwa nyekundu, samesame, zilipokelewa Unyamwezi, lakini nyeusi zilikwenda Ugogo tu. Aliyekosea rangi alilipa wapagazi bure.

Sokoni leo, doti ni jozi ya kanga.