Chombo Kinachojiamulia

Msomaji wa habari za anga kwa Kiswahili amezoea kukuta “chombo kinachojiendesha” kila programu ya kompyuta inapoachiwa kazi huko juu. Neno hilo limepitishwa na wajumbe wa kamati ya istilahi ambao, kwa dalili zote, hawakujiuliza ni chombo gani cha anga kisichojiendesha. Voyager 1 na 2, zilizorushwa mwaka 1977, zimetekeleza orodha za amri zilizotumwa kutoka duniani, kila amri na saa yake, pasipo mtu kuzishika usukani. Zinajiendesha, ila kazi zimepangiwa.

Neno linalofaa ni kujiamulia. Mwandishi wa makala haya amelitetea vikaoni mara nyingi, akajibiwa kwamba ni refu.

Amua ni neno la kale. Mtu huamua ugomvi, yaani huwatenganisha wanaogombana, na ndiyo sababu refa ni mwamuzi. Waganda husema kulamula, na hakimu wao ni omulamuzi. Wazulu nao wana lamula, kuingia kati ya wanaopigana. Kwetu sauti ya l ilidondoka, kama ilivyodondoka katika njaa, ambayo Wachewa wanaiita njala. Lakini litie neno katika kauli ya kutendea na l ya mwisho inarudi mahali pake: amulia. Endesha haina uzito huo. Ni enda tu iliyotiwa kauli ya kusababisha.

Wako pia wanaopendekeza “chombo huru”. Huru ni Kiarabu, kinyume cha mtumwa, na hakuna shirika la anga lililokiachia chombo chake uhuru wa namna hiyo. Malengo hutoka kwa watu. Njia ya kuyafikia ndiyo inayoachiwa programu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mei 1999, wakati NASA ilipokabidhi chombo cha Deep Space 1 kwa programu ya majaribio iitwayo Remote Agent. Haikupewa orodha ya amri. Ilipewa malengo, ikapanga ratiba, ikatekeleza, ikachunguza hitilafu. Katikati ya jaribio ilishindwa kuzima injini ya ioni: sehemu mbili za programu zilikuwa zikisubiriana. Wahandisi walipata chanzo, wakairudisha kazini baada ya siku chache, na malengo yote yakatimia. Kasoro hiyo haikuwa imejitokeza katika majaribio ya ardhini. Mhandisi anayesita kuitoa programu ya aina hii maabarani na kuipa kazi ya kila siku hana wasiwasi na mwendo wa chombo. Anasita kukabidhi uamuzi. Istilahi isiyotaja uamuzi imeliacha jambo lenyewe nje.

Safari ya kutoka maabarani hadi kazi ya kila siku ilikamilika kwenye satelaiti ya EO-1. Programu yake ya kujiamulia ilipandishwa kwa majaribio mwaka 2003, ikawekwa kwenye kompyuta ya pili ili ile inayolinda satelaiti ibaki na kazi yake. Mwaka 2004 iliugundua moto wa mlima wa volkano wa Erebus, Antaktika: ilipiga picha, ikaichambua hukohuko juu, kisha ikabadili ratiba yake ili iutazame mlima tena. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imeacha kuwa jaribio, ikawa ndiyo inayopanga kazi za kila siku. Mwishoni mwa 2006, mlima Nyamulagira ulipolipuka karibu na Goma, uliingizwa katika ratiba ya EO-1, na picha zake zikasaidia kuonyesha lava inakotokea. Satelaiti ilistaafishwa mwaka 2017.

Kwa matumizi: programu ya kujiamulia, chombo kinachojiamulia, uwezo wa kujiamulia. Neno kujiendesha libaki kwa mitambo inayofuata ratiba iliyopangiwa. Wahariri wa habari za sayansi wanaombwa waandike hivyo kuanzia toleo lijalo, bila kungoja kikao kingine cha kamati.