Kabla ya Tableti Kulikuwa na Barua



Mwezi uliopita wageni walikuja kuona chumba chetu cha kompyuta. Mmoja akatuuliza, "Teknolojia iliingia lini kwenye masomo ya wakimbizi?" Sote tukajibu haraka haraka: ilikuja na tableti. Mzee mmoja, mwalimu wa zamani ambaye huwa anakaa nje ya chumba kile akisubiri wajukuu wake, akacheka. Akasema, "Nyinyi watoto mnadhani dunia ilianza na waifai." Kile kicheko kilituuma kidogo, ndo maana tukaanza kutafuta. Haya hapa ni yale tuliyoyapata, na mengine tumeyaishi wenyewe.

Mzee alikuwa sahihi. Mwaka 1984 palianzishwa South African Extension Unit, makao yake Dar es Salaam, ili kuwafundisha kwa mbali wakimbizi wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi. Mwaka huohuo kule Khartoum ikaanza Sudan Open Learning Unit kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Ethiopia na Eritrea. Hakukuwa na kompyuta hata moja mbele ya mwanafunzi. Kulikuwa na kijitabu, zoezi mwishoni mwa somo, bahasha, na mtu wa kusahihisha. Na kulikuwa na sehemu ya kukutana na mwalimu msaidizi, kwa sababu waliopanga walijua kwamba mtu akibaki peke yake na kijitabu, kijitabu kinageuka kuwa kifungio cha karanga.

Redio nayo ilikuwepo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa barua tangu 1967, na walimu wasio na mafunzo walisoma kwa vijitabu huku wakisikiliza vipindi. Tanzania mwaka 1973 ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya: watu vijijini wanakaa kwa vikundi kuzunguka redio, halafu kiongozi wa kikundi anaongoza mazungumzo. Huyo kiongozi wa kikundi mumkumbuke, tutamrudia.

Baadaye ikaja setilaiti. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, mihadhara ikarushwa kutoka nje hadi kwenye vyuo vya Afrika. Wakimbizi hatukuwa kwenye hesabu hiyo. Kwetu sisi mlango ulifunguka kidogo mwaka 2010, pale mpango wa Wajesuiti uliokuwa ukiitwa JC:HEM ulipoanza Kakuma nchini Kenya na Dzaleka nchini Malawi. Wanafunzi walikaa kambini, walimu walikaa kwao ng'ambo, na diploma ikatolewa na Regis University ya Denver, Marekani. Hebu fikiria Kakuma ya wakati ule: kambi iliyoanza 1992, iko Turkana, joto la kuchoma, vumbi linaingia hadi kwenye meno, na umeme wa gridi ya taifa haukufika. Kompyuta haipendi chochote kati ya hivyo. Feni inavuta vumbi, betri inavimba, na fundi wa karibu anapatikana baada ya safari ndefu.

Mwaka 2013 yakaanza mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni Instant Network Schools, mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR, ulioanzia Dadaab na baadaye ukafika Kakuma, Nyarugusu, Kongo na kwingine. Hapo ndipo tableti, projekta, sola na intaneti viliingia darasani. Mwaka 2015 wakatoa hata "darasa kwenye boksi": kilo 52, ndani kuna tableti 25. La pili ni Borderless Higher Education for Refugees, yaani BHER, iliyounganisha vyuo vya Kenya, Kenyatta na Moi, na vya Kanada, York na British Columbia, ili kufundisha hasa walimu wa Dadaab.

Sisi tunaipenda sana hii ya pili, na tutasema kwa nini. Waliopanga BHER hawakudanganywa na skrini. Walichanganya kusoma mtandaoni na wahadhiri kufika Dadaab kufundisha ana kwa ana. Tena masomo yalipangwa kwa ngazi: cheti kwanza, halafu diploma, halafu digrii, kila ngazi ikiwa na karatasi yake. Maana mkimbizi hajui mwaka ujao atakuwa wapi. Anaweza kupata safari ya Kanada, anaweza kurudi Somalia, kambi yenyewe inaweza kutangazwa kwamba itafungwa, kama serikali ya Kenya ilivyotangaza mwaka 2016. Ukimpa mtu kozi ya miaka minne isiyo na kituo cha katikati, akiondoka mwaka wa tatu anaondoka mikono mitupu.

Kuhusu tableti tuna maneno zaidi. Tanzania, wanafunzi Wakongo wa kambini wanafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na Warundi walikuwa wakifuata wa Burundi. Kenya na Uganda, wakimbizi wanafuata mtaala wa nchi iliyowapokea. Sasa leta tableti iliyojaa masomo mazuri ya hesabu kwa Kiingereza, mpe kijana anayejiandaa kwa Exetat. Atafurahia zile picha siku mbili, kisha atarudi kwenye daftari lililonakiliwa kwa mkono na kaka yake, kwa sababu daftari ndilo linalofanana na mtihani. Watu wakaandika kwenye ripoti kwamba vijana "hawana mwamko". Jamani.

Mwaka 2016 UNHCR ilitoa ripoti iliyosema asilimia 93 ya wakimbizi duniani wanaishi mahali ambapo mtandao wa simu wa 2G angalau unafika. Namba hiyo ilitupendeza hadi tulipoifikiria vizuri. Mtandao kufika ni kitu kimoja, kuwa na bando ni kingine, na kuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina lako ni kingine kabisa. Ilipotakiwa kila laini isajiliwe kwa kitambulisho cha taifa, wengi wetu tuliazima jina la jirani mwenyeji. Siku jirani akihama au mkikosana, laini inakwenda, na akaunti ya chuo uliyoifungua kwa namba hiyo inakwenda nayo. Kwa wenzetu wa Uganda kulikuwa na nyongeza: kuanzia Julai 2018 walitakiwa kulipa shilingi 200 kila siku ndipo wafungue WhatsApp au Facebook. Kwa mwenye mshahara ni hela ya pipi. Kwa msichana ambaye darasa lake zima liko kwenye kundi la WhatsApp, ni ada ya shule ya kila siku.

Halafu ikaja 2020. Machi shule zikafungwa Kenya, Tanzania na Uganda ndani ya wiki moja hivi. Tanzania walirudi katikati ya mwaka. Kenya walirudi wote Januari 2021. Uganda wakakaa hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Wakubwa wakasema masomo yamehamia mtandaoni na redioni. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Uganda intaneti ilizimwa kabisa kwa siku kadhaa. Yaani shule imefungwa, na njia mbadala ya shule nayo imefungwa. Kuna dada zetu walioolewa kipindi kile ambao hawakurudi darasani tena, na wakijibu simu zetu sasa hivi tunasikia mtoto analia nyuma.

Ya kwetu wenyewe tusiyafiche. Watano kati yetu tulianza kozi ya mtandaoni ya chuo kimoja cha mbali. Tangazo la mtihani lilisema 3:00, mtu akalitafsiri "saa tatu", na sisi tukafika saa tatu usiku kama watu wa Kiswahili. Mtihani ulikuwa umefungwa tangu saa tisa mchana. Tukaomba nafasi ya pili, tukapewa. Safari hii mfumo ukadai picha ya pasipoti au kitambulisho cha taifa. Kadi ya mkimbizi ikakataliwa, tena na tena, na hakukuwa na mtu wa kumwandikia, kulikuwa na roboti ya kujibu maswali tu. Wawili walimaliza. Watatu waliacha, na mmoja wa hao watatu ndiye anayeandika aya hii. Sikuacha kwa uvivu.

Mambo yamebadilika, tuseme ukweli. Mwaka 2016 wakimbizi waliofika chuo kikuu walikuwa asilimia 1. Miaka mitatu baadaye wakawa 3, na kufikia 2023 wakawa 7. Lengo la UNHCR ni 15 ifikapo 2030, ingawa kwa jinsi fedha za misaada zilivyokatwa mwaka 2025 tunalitazama kwa jicho moja. Pia kuna programu kama Kolibri, ambayo unapakia masomo mara moja kwenye kompyuta ndogo na darasa zima linasoma bila bando. Mtangulizi wake, KA Lite, alitoka 2012. Hapo tunaona mtu amekaa akafikiria mahali kama petu.

Ila turudi kwa yule kiongozi wa kikundi cha redio. Chumba chetu kina tableti ishirini na mbili, na kumi na nane zinawaka. Kwa mwaka mzima ufunguo ulikaa ofisini kwa mtu anayetoka kazini saa tisa na nusu, wakati wanafunzi wa shifti ya mchana wanatoka darasani saa kumi na moja. Tableti zilikaa salama kabisa, hazina hata mkwaruzo! Mwalimu anayejua kuzitumia analipwa posho ndogo, na alipopata nafasi ya kubeba mizigo ghalani aliondoka. Hatumlaumu. Kwenye bajeti kulikuwa na hela ya vifaa, ya kwake haikuwepo.

Baada ya ule ugeni tulimwomba yule mzee awe anakaa ndani badala ya nje. Kompyuta hajui, anajua kuuliza, "Umeelewa nini? Mwonyeshe mwenzako." Ufunguo sasa unashikwa kwa zamu na wasichana wawili wa kidato cha tatu, na chumba kinafungwa saa kumi na mbili na nusu, sola inapoisha. Ijumaa tunapakia masomo mapya ya fizikia kwa Kifaransa. Mwenye flashi ya GB 64 atuazime.