Filamu zetu zilipotea bila kitabu

Wasee, kuna filamu inaitwa Gentlemen Prefer Blondes. Si ile ya Marilyn Monroe ya 1953, hiyo iko. Naongelea ya 1928, komedi ya kimya iliyotolewa kwenye riwaya ya Anita Loos ya 1925. Mpaka leo hakuna nakala imepatikana. Lakini hadithi yake tunaijua, juu kitabu kipo.

Sasa vuka mpaka twende Vugiri, milima ya Usambara, pande za Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi huko ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wazungu wawili wanasimamia, Notcutt na Latham, pesa ni za Carnegie kutoka Marekani, na wanaoigiza ni Waafrika. Kamera ilinasa picha tu. Maneno yaliwekwa kwenye santuri, inachezwa pembeni filamu ikienda. Wakatengeneza filamu 35, wakazizungusha na lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland. Zinazojulikana kubaki ni tatu. Tatu!

Kati ya zilizopotea kuna Post Office Savings Bank. Jamaa mmoja anaweka mshahara wake posta. Mwenzake anachimba shimo nyumbani, anazika pesa, mwizi anakuja kubeba zote. Ni mafunzo ya mkoloni, najua, lakini niambie hiyo si komedi. Mjanja na mjinga! Ndiyo fomula natumia kila wiki hapa West Indies, na matangazo ya benki bado yanaitumia. Maze, ningelipa kuona sura ya yule jamaa akirudi kwa shimo lake.

Hakukuwa na riwaya nyuma yake. Kilichobaki ni kitabu ambacho Notcutt na Latham wenyewe walitoa 1937, The African and the Cinema. Yaani vichekesho vya babu zetu tunasimuliwa na mwenye kamera. Aliyechekesha hatujasikia upande wake.

Hii kitu inanigusa. Niliacha chuo nifanye hii kazi, na mwaka jana akaunti yangu ya kwanza ikafungwa ghafla, video zaidi ya mia mbili zikaenda nayo. Siku hizi kila kichekesho naandika kwa daftari: nani aliigiza, tulirekodi wapi, watu walicheka wapi. Msee wangu wa kamera anasema nimekuwa karani.