Pengwini wa 1936: ndege za plastiki zilivyoanza na mabawa mawili

Krismasi ya mwaka 1936 kitu kipya kilitua madukani Uingereza: ndege ya plastiki iliyofungwa vipande vipande, mnunuzi akaiunganishe mwenyewe kwa gundi. Kampuni ya Frog, iliyokwisha kujipatia jina kwa ndege za kuchezea zinazoruka kweli, iliziita hizi Penguin, kwa kuwa pengwini haruki. Tatu za mwanzo, Gloster Gladiator, Hawker Fury na Blackburn Shark, zote zilikuwa za mabawa mawili, moja juu ya jingine. Wala si kwamba watu walikuwa na hamu ya mambo ya kale. Hizo ndizo zilizokuwa ndege za kivita za siku zile. Gladiator yenyewe iliingia vikosini mwaka 1937, baada ya modeli yake kufika dukani.

Kipimo kilikuwa 1 kwa 72, yaani futi sita za ndege halisi zinakuwa inchi moja. Tatizo lilikuwa plastiki. Ilitokana na selulosi, na baada ya muda ilijikunja. Ndege ya bawa moja huweza kuficha aibu hiyo, lakini hizi bawa la juu hubebwa na vinguzo vyembamba. Kimoja kikipinda, ndege nzima huonekana imelewa.

Baada ya vita ikaja polistirini, plastiki ngumu isiyojikunja. Airfix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, iliuza seti zake kwa shilingi mbili katika maduka ya Woolworths. Miaka ya 1950 ikatoa Gladiator, Tiger Moth na Sopwith Camel.

Kilichowashinda wenye viwanda ni nyaya za kukazia mabawa. Kwa kipimo kile waya ni mwembamba mno kutoka kwenye kalibu. Wapenzi wa modeli wakajitafutia njia: unachukua kijiti cha fremu iliyoshika vipande, unakipasha juu ya mshumaa hadi kilainike, unakivuta taratibu huku na huku mpaka kiwe uzi, kisha unakata na kubandika. Wengine hupitisha uzi wa nailoni. Kwangu mimi, modeli isiyo na nyaya haijakwisha, hata ipakwe rangi nzuri vipi.

Frog ilikufa miaka ya 1970, na kalibu zake nyingi zikauzwa Umoja wa Kisovieti. Airfix ingalipo, sasa chini ya Hornby. Anayetaka kuanza aanze na Tiger Moth, ila asibandike bawa la juu kabla hajamaliza kupaka rangi la chini.