Audacity Mpya na Sauti za Wazee Wetu: Kilichobadilika na cha Kuangalia

Audacity ni programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na umma ukaipata Mei 2000. Kwetu pwani ni tegemeo la wengi wasiokuwa na studio: anayesafisha kanda za mawaidha, anayekata kasida za madrasa, anayerekodi tenzi za nyanya yake kabla hazijaondoka naye.

Kwa takriban miaka ishirini sura ya programu hii haikubadilika sana. Tangu 2021 imebadilika mara kadhaa, na jamaa wa Mombasa na Lamu huniuliza kama wahame toleo la zamani au wabaki nalo. Mimi huifanyia kazi Githurai 45, mtaa wa Ruiru uliopewa jina la namba ya matatu zake, kando ya barabara ya Thika. Hapa manamba wanaita abiria na spika za wachuuzi zinarudia tangazo moja kutwa. Anayehariri sauti mahali kama hapa huijua programu yake vizuri kwa lazima. Haya ndiyo mabadiliko yenye maana, toleo baada ya toleo.

Toleo la 3.0, Machi 2021: faili moja

Zamani kazi moja ilihifadhiwa sehemu mbili: faili ndogo yenye kiambishi .aup, na folda kubwa iliyojaa vijifaili vya sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ndani ya folda. Aliyenakili ile faili ndogo peke yake kwenye flashi alibeba ganda tupu, na kompyuta ikiharibika hapakuwa na la kurudishwa. Tangu 3.0 kila kitu kimo katika faili moja ya .aup3. Toleo jipya hufungua kazi za zamani, ila toleo la zamani halifungui .aup3. Kwa hiyo mkiwa wawili kwenye kazi moja, hameni pamoja.

Toleo la 3.1, Oktoba 2021: kukata bila kupoteza

Mwaka huo huo Audacity ilinunuliwa na kampuni ya Muse Group, na usanifu wa sura yake ukasimamiwa na Martin Keary. Ununuzi huo ulizua zogo. Mei 2021 palipendekezwa kukusanya takwimu za matumizi, watumiaji wakapinga, na pendekezo likaachwa.

Badiliko kubwa la 3.1 ni vipande vya sauti vyenye vishikio. Ukiburuta ukingo wa kipande kwa kipanya, sauti inafichwa. Ukiuburuta tena upande wa pili, inarudi, hata ukiwa umefunga programu na kuifungua kesho yake. Kabla ya hapo ulitegemea kutendua, na ukishafunga programu historia ya kutendua ilikwisha. Pia kile chombo cha mshale wenye vichwa viwili, kilichotumika kusogeza sauti mbele na nyuma, kimeondolewa. Sasa unashika kipande kwa utepe wake wa juu na kukisogeza. Waliozoea kubonyeza F5 walinung'unika, lakini anayeanza leo hahitaji kufundishwa hatua hiyo.

Hapa pana jambo ambalo sioni likielezwa vya kutosha. Kilichofichwa bado kimo ndani ya faili. Mzee anaposimulia habari za ukoo, mara nyingi hufika mahali akasema, "Hilo liondoe, mwanangu, si la watu." Ukilificha kwa kuburuta ukingo kisha ukamtumia mtu faili ya .aup3, umemtumia na siri yenyewe: atavuta ukingo na kusikia yote. Usitoe faili ya kazi nje ya mikono yako. Toa WAV au MP3, ambayo hubeba kile kinachosikika tu. Kwetu hili ni suala la amana, na halihusu tena ufundi wa kompyuta.

Toleo la 3.2, Septemba 2022: kusikia unaporekebisha

Zamani ukitaka kuongeza besi au mwangwi, ulisikiliza sekunde chache za mfano, ukakubali, ukangoja, ukasikiliza, na usiporidhika ukatendua na kuanza upya. Sasa kila njia ya sauti ina kitufe kilichoandikwa Effects. Unaweka madoido, sauti ikicheza unageuza viwango na kusikia tofauti papo hapo, na sauti ya asili haiguswi.

Si madoido yote yanayofanya kazi hivi. Kupunguza kelele bado ni kwa njia ya zamani: unaionyesha programu sekunde chache za kelele tupu, kisha inaitafuta kelele hiyo katika rekodi nzima na kuishusha. Njia hii inafaa kwa mvumo usiobadilika, kama wa feni au friji. Honi ya matatu haiwezi, maana kila honi ni sauti mpya. Ndiyo sababu huwaambia watu waache sekunde tano za kimya kabla ya msimulizi kuanza, na wafunge dirisha. Hakuna toleo lililoondoa haja ya kufunga dirisha.

Matoleo ya 3.4 na 3.5: kunyoosha na kuhifadhi mbali

Toleo la 3.4, la Novemba 2023, liliruhusu kunyoosha au kufupisha kipande kwa kuburuta ukingo wake huku umeshika kitufe cha Alt, bila sauti kuwa nyembamba au nzito. Tangazo la sekunde 33 linaweza kuingia katika sekunde 30. Kwa tangazo la mchuuzi ni sawa. Kwa utenzi nisingethubutu, maana pumzi ya msomaji ni sehemu ya utenzi.

Toleo la 3.5, la Aprili 2024, lilileta kuhifadhi kazi kwenye mtandao. Piga hesabu kwanza. Audacity kwa kawaida hurekodi kwa biti 32, hivyo saa moja ya njia moja ya sauti, kwa kiwango cha kawaida cha 44,100, ni takriban MB 635. Ukiitoa kama WAV ya biti 16 ni takriban MB 318. MP3 ya kbps 64 ni takriban MB 29. Kwa anayenunua bando la siku, hiyo ya mwisho ndiyo ya kutuma WhatsApp, na ile WAV ndiyo ya kuweka kwenye diski mbili tofauti.

Uhame au ubaki?

Kama kompyuta yako inaimudu, hama. Faili moja na ukataji unaorudishika ni sababu tosha. Fanya hivi: nakili kazi zako za zamani pamoja na folda zake, sakinisha toleo jipya, fungua kazi moja moja na uihifadhi upya. Usifute za zamani mpaka umesikiliza mpya mwanzo hadi mwisho.

Na kabla ya kukata chochote, toa WAV ya rekodi nzima kama ilivyo, uiandike jina la msimulizi, mahali na tarehe. Kama msimulizi ameomba neno liondolewe, muulize yeye, na si mtu mwingine, kama nakala hiyo kamili iwekwe au ifutwe.