Wasomaji wa Hadithi za Picha

Historia tunayofundishwa aghalabu ni historia ya watendao: wafalme waliopigana, mabaharia waliovuka bahari, waganga waliovumbua dawa. Ni mara chache tunapopewa habari za wasomao. Hudhaniwa kuwa msomaji ameketi tu, na kwamba mtu aliyeketi hana historia. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha kuwa dhana hiyo si kweli. Mfano wangu ni hadithi za picha za Japani, ziitwazo manga, pamoja na hadithi za namna hiyo zinazosomwa siku hizi katika simu. Nimezichagua kwa sababu ninyi vijana mwazipenda, na kwa sababu mimi pia nimezisoma zikanigusa.

Manga husimuliwa kwa michoro mingi na maneno machache. Kitabu chake hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama vile vitabu vya hati ya Kiarabu ambayo wazee wa pwani yetu waliandikia tenzi zao. Kati ya picha moja na nyingine pana nafasi tupu. Mchoraji huonyesha mama akiukanda mkono wa mtoto mgonjwa; kisha huonyesha kitanda kitupu na dirisha lililo wazi. Kifo chenyewe hakikuchorwa. Ni msomaji aliyekijaza katika ile nafasi tupu, kwa akili yake na kwa huzuni yake. Ndiyo maana mtu akilia mbele ya kitabu cha picha, hapaswi kuchekwa. Analia kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amesaidia kulitunga.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa nchi ya majivu na njaa, na watoto wake walikuwa na starehe haba. Mwaka 1947 kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari huko Osaka, jina lake Tezuka Osamu, alishirikiana na Sakai Shichima kutoa kitabu cha picha kilichoitwa Shin Takarajima, yaani Kisiwa Kipya cha Hazina. Kilikuwa kitabu cha bei nafuu, na husemwa kuwa kiliuzwa nakala zipatazo 400,000. Katika mji wa Takaoka kilisomwa na wavulana wawili wa shule, Fujimoto Hiroshi na Abiko Motoo. Picha zile ziliwashangaza, maana zilikwenda mbio kama sinema juu ya karatasi. Lakini hawakutosheka na kushangaa. Walishika kalamu, wakajifunza, na mwaka 1954 wakahamia Tokyo kuifanya kazi ya uchoraji. Baadaye Fujimoto alimbuni Doraemon, paka wa mashine ambaye hadithi yake ilianza kuchapishwa mwaka 1969, na ambaye watoto wa nchi nyingi wanamjua kama jirani yao. Basi mshangao wa wasomaji wawili ulizaa furaha ya mamilioni.

Wachapishaji nao waliitambua nguvu ya msomaji. Gazeti la Shōnen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, lilitia kadi ya posta ndani ya kila toleo, na msomaji aliombwa kutaja hadithi tatu zilizompendeza zaidi. Kadi hizo zilihesabiwa kwa makini. Hadithi iliyopendwa iliendelea. Iliyokosa kura ilikatizwa, hata kama mchoraji wake alikuwa na mengi bado ya kusema. Gazeti hilo lilikua hata mwaka 1995 toleo moja likapita nakala 6,500,000. Mtoto mwenye kalamu ya risasi na kadi ndogo alikuwa mmoja wa mahakimu wa kazi za watu wazima.

Hata hivyo, hakuna tukio linaloonyesha moyo wa msomaji kuliko lile la mwaka 1970. Katika gazeti la Shōnen Magazine palikuwa na hadithi ya ndondi iitwayo Ashita no Joe, maana yake Joe wa Kesho, iliyotungwa na Kajiwara Ikki kwa jina la Takamori Asao na kuchorwa na Chiba Tetsuya. Joe ni kijana fukara asiye na wazazi. Anakutana na mshindani wake, Rikiishi Tōru, katika gereza la vijana. Rikiishi ni mkubwa wa umbo kuliko Joe. Hivyo, ili wapate kupigana ulingoni katika uzito mmoja, anajinyima chakula na maji mpaka anabaki mifupa na macho. Anapigana, anashinda, kisha anaanguka na kufa.

Rikiishi hakuwa mtu. Alikuwa wino. Lakini tarehe 24 Machi 1970, katika jumba la wachapishaji Kodansha mjini Tokyo, alifanyiwa mazishi. Aliyeyaandaa alikuwa mshairi na mtunzi wa michezo ya kuigiza, Terayama Shūji. Walihudhuria watu wapatao 700, wengi wao vijana. Ubani ulifukizwa, na kasisi wa Kibudha akasoma sala za wafu. Mimi nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilitabasamu, kisha tabasamu likanitoka. Wengi katika kizazi kile walizaliwa katika dhiki na walijua maana ya kujinyima. Katika mwili uliokondeana wa Rikiishi kila mmoja aliweza kumwona mtu wake. Walimlilia mtu wa wino, na kupitia kwake wakawalilia watu wa damu.

Wiki moja baadaye likatokea jambo la pili, ambalo nataka ulipime kwa mizani ile ile. Tarehe 31 Machi 1970 vijana tisa wa kundi la siasa kali liitwalo Jeshi Jekundu waliiteka nyara ndege iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Fukuoka. Mwisho wa safari yao ulikuwa Pyongyang, Korea Kaskazini. Abiria wote walinusurika, lakini walikuwa wameonja hofu ya mauti. Katika tamko lao vijana hao walijiita Joe wa Kesho. Hadithi ni ile ile, iliyosomwa katika mwaka ule ule. Mmoja aliisoma akaenda kufukiza ubani. Mwingine aliisoma akatafuta ndani yake cheti cha kutisha watu wasio na hatia. Moto ni mmoja, nao huivisha chakula na huteketeza nyumba; tofauti hufanywa na mkono unaoushika.

Hadithi iliyonigusa mimi kuliko zote ni Hadashi no Gen, yaani Gen Miguu Mitupu, ya Nakazawa Keiji. Nakazawa alikuwa na umri wa miaka 6 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa shule ulimkinga; baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa chini ya nyumba iliyoporomoka na kushika moto. Mwaka 1973 alianza kuyachora hayo katika Shōnen Jump, gazeti lile lile la kadi za posta. Nilipofika mahali ambapo mama na Gen wanavuta boriti zisizotingishika huku moto ukikaribia, nilikifunga kitabu. Kwanza nilishikwa na hasira. Baada ya hasira ilikuja aibu, kwa kuwa nilikuwa nimeifundisha tarehe ile darasani mara nyingi kama tarehe tu, bila ya sauti ya mtoto ndani yake. Tangu hapo siwezi kuitaja upesi upesi.

Si wote waliopokea kitabu hicho kwa namna moja. Mwishoni mwa mwaka 2012 ofisi ya elimu ya mji wa Matsue iliziomba shule ziwazuie watoto kukichukua kwa hiari yao, kwa kuwa baadhi ya picha zake ni za kutisha mno. Watu wengi walipinga, na katika Agosti 2013 agizo hilo likaondolewa. Mimi ningemtaka mtoto mdogo asome akiwa na mkubwa karibu. Lakini kuficha kitabu hakukuondoa kilichotokea.

Leo hadithi za picha zimehamia katika intaneti. Korea Kusini ilitangulia katika namna mpya ya kuzichora: picha hushuka moja chini ya nyingine, na msomaji huzifuata kwa kidole. Hadithi ya mapenzi ya Kang Full, iliyotolewa mwaka 2003, ilikuwa miongoni mwa zile zilizowavuta wengi mapema. Chini ya sura msomaji huweza kuandika maoni yake papo hapo. Kadi ya posta ilihitaji kalamu, stempu na mwendo wa siku kadha, na katika siku hizo hasira ilipata nafasi ya kupoa. Siku hizi neno huruka likiwa bado na moto, nalo humfikia mchoraji aliye na usingizi, njaa na moyo kama wewe.

Kwa hiyo, msomaji, usiyadharau yale unayoyahisi unaposoma. Ukilia, lia, ukicheka, cheka, ukikasirika, jiulize ni kitu gani kilichoguswa ndani yako. Lakini usikomee hapo, kwa maana hisia ni mwanzo wa kusoma. Wavulana wa Takaoka waligeuza mshangao kuwa kazi. Waombolezaji wa Tokyo waligeuza huzuni kuwa heshima. Wateka ndege waligeuza ushujaa wa kubuniwa kuwa kitisho cha kweli. Wote walikuwa wasomaji, na wote wameingia katika historia kwa kile walichokifanya baada ya kukifunga kitabu. Wewe nawe utakifunga chako.