Watoto wa Dunguni: Utoto wa Waliofyeka Misitu ya Mpanda

Msafiri aondokaye Majengo, mjini Mpanda, akaifuata reli ya Kaliua, iliyojengwa zamani za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, hufika Katumba akakuta mahindi, mihogo na maharage vimeenea kando ya njia, wala si rahisi kwake kusadiki kwamba hata mwaka 1973 mahali hapo palikuwa miombo, maskani ya mbung'o na nyati. Waliouvunja msitu ule ni jamaa zilizokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Na Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi hao, ilipofunguliwa mwaka 1978, kila familia ilikatiwa hekta zipatazo 5, ikaanza kufyeka.

Kazi ya wazazi ilihesabiwa kwa ekari na magunia. Ya watoto haikuhesabiwa, nami naona ndimo ilimu kubwa ya zama zile ilimokaa. Baba na mama wakishika jembe, mtoto alipandishwa dunguni tangu alfajiri, kombeo mkononi, kuamia ndege na kufukuza nyani. Na kwa kuwa mwizi wa shamba hafukuziki asipojulikana tabia zake, mtoto yule alijua nguruwe mwitu hupitia wapi usiku, na tumbili wa kwanza kushuka mtini ana wangapi nyuma yake. Aliijua pia sauti ya mlembe, ndege mdogo wa kijivu arukaye mti hata mti akipiga kelele mpaka amfikishe mtu kwenye nyuki, kisha akangoja fungu lake la masega, ambalo warinaji wa Kikonongo, wenyeji wa nchi hiyo, wanajua kumwachia.

Mvua za kwanza ziliwaita kuokota uyoga. Msimu mwingine wakatafuta mbula, furu na matonga. Kwa hakika njaa ndiyo iliyowatuma, lakini mapenzi yalifuata, na aliyezoea kunusa mbula iliyoiva kabla hajaiona hausahau mti wake abadani.

Watoto hao leo ni wazee, na mwaka 2010 watu zaidi ya 160,000 wa jamaa hizo walikubaliwa uraia wa Tanzania. Miombo nayo inapungua, kwa mbao za mninga na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Ningependa walimu wa Katumba na Mishamo wawatoe wanafunzi darasani, wazee hao wawaongoze mpaka msitu uliobakia, na kila mti utajwe kwa Kirundi, Kikonongo na Kiswahili, uandikwe daftarini.